Jaribio, ufuatiliaji au mahojiano? Kuchagua njia ya kutafiti afya ya akili

Anayeingia kwenye saikolojia kwa nia ya kutafiti afya ya akili huja na mada mkononi. Anataka kushughulika na sonona ya kina mama waliojifungua karibuni, au upweke wa wazee, au kile kinachowafanya baadhi ya watu wapite kwenye misiba mikubwa bila kuvunjika. Msimamizi anamsikiliza, anaitikia kwa kichwa, kisha anauliza: "Sawa, utalitafitije?" Hapo ndipo kimya kinapoingia. Swali linaonekana la kiufundi tu, kumbe ndilo litakaloamua kama miaka mitatu au minne ijayo ataimaliza akiwapigia watu simu kuwakumbusha vikao, akisafisha mafaili ya data, au akisikiliza usiku, kwa mara ya tano, sauti ya mtu anayelia.

Njia za utafiti ni nyingi. Wapo wanaopiga picha za ubongo, wapo wanaowatumia washiriki maswali kwenye simu mara kadhaa kwa siku, wapo wa maabara. Lakini anayetaka kutafiti sonona, wasiwasi au ustawi mara nyingi hujikuta akichagua kati ya tatu. Ya kwanza ni jaribio la tiba, ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapewe msaada fulani na hawa wasipewe. Ya pili ni ufuatiliaji wa muda mrefu, ambamo watu walewale hupimwa tena na tena kwa miaka. Ya tatu ni mahojiano ya kina, ambamo watu wachache husimulia maisha yao kwa maneno yao.

Nitazipima kwa mambo matano

Kwanza, swali ambalo njia hiyo inaweza kulijibu. Pili, siku ya kawaida ya kazi, kwa sababu makala huchapishwa siku moja lakini siku za kawaida ni mamia. Tatu, muda na fedha. Nne, mzigo wa maadili, ambao kwenye fani hii haukwepeki. Tano ni jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nami naliona zito kuliko mengine yote: lawama. Kila njia ina swali moja ambalo wasomaji watakuuliza maisha yako yote, na hutakuwa na jibu kamili. Ni vizuri ujue mapema ni lawama ipi unayoweza kuibeba.

Kuna tatizo moja ambalo halibagui njia. Afya ya akili haipimwi kwa damu wala kwa mizani. Anayefanya jaribio au ufuatiliaji hutegemea madodoso. PHQ-9, dodoso la sonona lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali 9, kila moja lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 27 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa makini. Ustawi una vipimo vyake. WHO-5 ina maswali 5 na yote huulizia mazuri: uchangamfu, utulivu, kuamka ukiwa umepumzika. Kipimo cha kuridhika na maisha cha Ed Diener na wenzake, cha mwaka 1985, kina sentensi 5 tu. Usidhani kwamba ustawi ni sonona iliyopinduliwa. Corey Keyes alionyesha mwaka 2002 kwamba mtu anaweza kukosa ugonjwa wowote wa akili na bado akawa ananyong'onyea tu. Kwa hiyo kabla hata ya kuchagua njia, amua unapima kuumwa au unapima kustawi.

Jaribio la tiba

Swali. Je, msaada huu unasaidia kuliko kutoupata, au kuliko msaada mwingine? Hakuna njia inayolijibu swali hilo vizuri zaidi. Sababu ni rahisi: watu hutafuta msaada wakiwa wamezidiwa, na aliyezidiwa leo ana nafasi kubwa ya kuwa nafuu baada ya miezi mitatu hata asipoguswa na mtu. Bila kundi la kulinganisha, kila tiba itaonekana dawa.

Hatari ya kuamini macho ilionekana kwa wahanga wa ajali za barabarani. Iliaminika kwamba kumketisha mtu mara baada ya ajali na kumsimulisha yote yaliyompata kungemkinga na madhara ya kisaikolojia. Lina mantiki, na wengi waliopewa vikao vya namna hiyo walishukuru. Richard Mayou, Anke Ehlers na Michael Hobbs walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio waliloliangalia tena baada ya miaka mitatu. Waliokuwa na dalili kali mwanzoni na wakapewa kikao walikuwa bado wanateseka. Wenzao wenye dalili kali kama hizo, ambao hawakupewa, walikuwa wamepata nafuu. Huwezi kugundua jambo kama hilo kwa kumuuliza aliyehudhuria kama alisaidika.

Jaribio linaweza pia kufungua mlango. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake waligawanya kliniki 24 za Harare, wakawa na washiriki 573. Upande mmoja wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao kina mama watu wazima, walikaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua, kwa vikao sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita kundi hilo lilikuwa na dalili chache kuliko lililopata huduma ya kawaida iliyoongezewa elimu na ushauri. Hoja kwamba msaada wa kisaikolojia unaweza kutolewa na mtu asiye na shahada ya saikolojia ilipata mguu wa kusimamia.

Siku ya kazi. Wengi hushangaa jinsi saikolojia ilivyo chache humo. Ni kuratibu. Unampigia aliyekosa kikao, unahakiki fomu za ridhaa, unasikiliza rekodi za vikao kuona kama mtoa huduma anafuata mwongozo au amejitungia wake. Mpango wa utafiti husajiliwa hadharani kabla ya kuanza: kipimo kikuu ni hiki, uchambuzi utafanywa hivi. Ukishasajili, huwezi kuona data halafu ukageuza swali. Wapo wanaopumua wanaposikia hivyo, na wapo wanaojiona wamefungwa pingu.

Muda na fedha. Jaribio kamili linataka timu, ruzuku na miaka. Mwanafunzi wa uzamivu ni nadra kulimiliki peke yake. Hufanya jaribio dogo la awali, au hushika kipande ndani ya jaribio la msimamizi wake. Na ajiandae kwa jibu la "hapana". Uingereza, jaribio la shule 85 lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 lilipima mafunzo ya kutuliza akili kwa kuzingatia wakati uliopo. Lilipochapishwa mwaka 2022, mafunzo hayakuonekana kuzidi yale ambayo shule zilikuwa zikifanya tayari. Miaka ya kazi, jibu hapana. Ni jibu la thamani, ila inataka moyo kulipokea.

Maadili. Unaweza vipi kumwambia anayeteseka kwamba sarafu imeanguka upande wa kusubiri? Kamati ya maadili itakubana hapo, na ni haki yake. Halafu kuna swali la 9 la PHQ-9, linaloulizia mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu "karibu kila siku", lazima uwe na mpango wa siku hiyohiyo: nani anampigia, nani anamwona, ndani ya saa ngapi.

Lawama. "Imesaidia kwa wastani, lakini huyu aliye mbele yangu je?" Na pacha wake: "Waliokataa kushiriki walikuwa watu gani?"

Inamfaa mtu anayependa mpangilio, anayeweza kufanya kazi na timu, na ambaye haoni aibu kukuta kwamba wazo alilolipenda halifanyi kazi.

Ufuatiliaji wa muda mrefu

Swali. Nini hutangulia nini, na maisha hugeuka wapi? Huko New Zealand, utafiti wa Dunedin umewafuata watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 45, asilimia 94 ya waliokuwa hai bado walishiriki, kiwango ambacho watafiti wengine hukitazama kwa wivu. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliripoti kwamba kufikia umri huo asilimia 86 walikuwa wameshawahi kufikia vigezo vya ugonjwa wa akili angalau mara moja. Dodoso la mara moja haliwezi kuliona hilo, kwa sababu watu husahau. Anayeulizwa leo kuhusu wasiwasi wake wa miaka ishirini iliyopita hujibu kwa hali ya leo.

Siku ya kazi. Kompyuta. Data ya mwaka huu ina jina tofauti na ya mwaka ule, nusu ya familia imehama, swali la 14 lilibadilishwa neno moja na sasa hujui kama mabadiliko unayoyaona ni ya watu au ya neno. Takwimu ni lugha yako ya kila siku, na usiposhika programu za uchambuzi utakuwa mgeni kwenye nyumba yako mwenyewe. Upande mwingine wa kazi ni kuwatunza washiriki wasipotee. Dunedin huwasafirisha hata waliohamia ng'ambo ili warudi kupimwa.

Muda na fedha. Hapa pana kichekesho. Njia inayochukua miaka mingi kuliko zote ndiyo inayoweza kumpa mwanafunzi jibu mapema kuliko zote, kwa sababu data iliyokusanywa na wengine ipo na mara nyingi huombwa kwa utaratibu maalumu. Huhitaji kuanzisha ufuatiliaji wako. Gharama yake ni kwamba utauliza maswali ambayo mtu mwingine aliona yafaa kuuliza. Waliotunga madodoso ya miaka ya 1970 hawakuwa na sababu ya kuulizia simu za mkononi.

Maadili. Kadiri unavyojua mengi juu ya mtu mmoja, ndivyo inavyokuwa rahisi kumtambua hata ukiondoa jina. Na aliyeingizwa na wazazi wake akiwa mtoto ana haki ya kuulizwa upya akiwa mtu mzima.

Lawama. Kuku na yai. Upweke ndio ulioleta sonona, au sonona ndiyo iliyomfungia mtu ndani? Kupima mara nyingi husaidia kuona kipi kilianza, ila jambo la tatu linaweza kuwa ndilo lililozaa yote mawili. Tena wanaotoweka kwenye ufuatiliaji mara nyingi ndio walio na hali mbaya, yaani walewale uliotaka kuwajua.

Inamfaa mwenye subira na data, asiyehitaji kuwaona washiriki ana kwa ana ili ahisi anafanya jambo la maana.

Mahojiano ya kina

Swali. Watu wenyewe wanalielewaje hilo linalowapata, wanaliitaje, na wanalichukulia kuwa la kutibiwa na nani? Paul Bolton na wenzake walipotaka kujaribu tiba ya vikundi vijijini kusini magharibi mwa Uganda, walianza kwa kuwauliza wenyeji matatizo yao. Wakapata maneno mawili, yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia, ambayo yalikaribiana na sonona ya vitabuni bila kufanana nayo kabisa. Ndipo wakafanya jaribio kwenye vijiji 30, lililochapishwa mwaka 2003. Kule Zimbabwe neno ni kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Ukisema fulani "ana mawazo", hakuna anayedhani amebuni jambo jipya. Dodoso lililotafsiriwa neno kwa neno litampita mtu huyo pembeni.

Aghalabu mahojiano hutembea pamoja na kutazama. Miaka ya 1931 na 1932, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikusanya maisha ya Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Waliwasikiliza watu, wakawaomba waandike siku zao zilivyokwenda, wakakaa wakipima mwendo wa wapita njia. Wanaume, waliokuwa na muda tele, walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake, waliobaki na kazi za nyumbani, walikwenda haraka. Watu waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa na kazi. Hakuna dodoso ambalo lingefikiria kuuliza mwendo wa miguu.

Siku ya kazi. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne, tano au zaidi za kunukuu. Kisha unasoma, unaweka alama, unapanga, unapangua. Wengi hufuata hatua sita za kuchambua dhamira, yaani mawazo makuu yanayojirudia kwenye maneno ya washiriki, za Virginia Braun na Victoria Clarke za mwaka 2006, nao wamekuwa wakikumbusha kwamba dhamira hazichipuki zenyewe kwenye maandishi kama uyoga. Mtafiti ndiye anayeziunda na anapaswa kukiri hivyo. Huzuni ya watu nayo haibaki ofisini. Kwenye jaribio unaiona kama alama 19. Hapa unaijua kwa sauti.

Muda na fedha. Kinasa sauti, nauli, chumba chenye faragha. Mtu mmoja anaweza kuubeba utafiti mzima, na ndiyo maana wanafunzi huukimbilia, halafu hugundua mwezi wa nane kwamba wana kurasa 400 za maneno na hawajui zinasema nini.

Maadili. Kuficha jina ni rahisi, kuficha hadithi ni kazi. Mjane mwenye watoto pacha aliyewahi kuwa mwalimu mkuu atatambuliwa na jirani yake hata umwite "Mshiriki 7". Na usikilizaji mzuri humfanya mtu aanze kukuona kama mtoa tiba wake, ilhali wewe umekuja kuuliza na kuondoka. Mwambie hivyo mwanzoni, na uwe na mahali halisi pa kumwelekeza.

Lawama. "Watu kumi na watano tu?" Utaisikia kwenye utetezi wa tasnifu, utaisikia kwa wahariri, utaisikia harusini. Jibu lipo, kwamba hukutafuta asilimia, ulitafuta maana. Lakini utalirudia mpaka uchoke. Lawama ya pili inauma zaidi kwa kuwa ina ukweli: je, mtu mwingine angeona ulichokiona?

Inamfaa anayeweza kunyamaza mwenzake anaponyamaza, anayependa maandishi, na anayeweza kuandika "mimi nadhani" bila kujificha nyuma ya kauli tupu.

Zinapogombana

Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, vijana 506 walipangwa wawili wawili wanaolingana, kisha sarafu ikaamua yupi kati yao apate mshauri, ziara nyumbani, kambi za likizo na msaada wa masomo. Huduma iliendelea hadi mwaka 1945. Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta. Kwa maneno yao, theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema vingine: kwa mambo kadhaa, ikiwemo afya ya akili na ulevi, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa.

Angalia kila njia ingesema nini ikiwa peke yake. Mahojiano yangeleta sifa. Jaribio lililoishia kwenye mwaka wa mwisho wa huduma lisingeona madhara hayo ya utu uzimani. Ufuatiliaji bila sarafu ungejibiwa kwamba pengine waliosaidiwa walikuwa na shida zaidi tangu mwanzo. Madhara yalionekana kwa sababu sarafu na miaka thelathini vilikutana. Hata hivyo, McCord alipotaka kueleza kwa nini, alibaki na makisio: labda walizoea kutegemea, labda walijengewa matarajio ambayo maisha hayakuyatimiza. Hapo ndipo sifa za wale wanaume zingestahili kusikilizwa kwa makini, kuuliza walimaanisha nini waliposema "ulinifaa".

Uamue kulingana na hali yako

Swali lako likianza na "je, inasaidia", huna pa kukimbilia. Ni jaribio, hata dogo. Tafuta kundi linaloendesha moja na uombe kipande.

Ukiwa na miaka mitatu, huna ruzuku, na takwimu hazikutishi, data ya ufuatiliaji iliyokwisha kukusanywa ndiyo njia salama zaidi ya kumaliza. Soma kwanza orodha ya maswali yaliyoulizwa ndipo uamue swali lako. Wanaofanya kinyume hupoteza mwaka.

Ukiwa unatafiti watu ambao vipimo vilivyopo havikutungwa kwa lugha yao, anza na mahojiano hata kama ndoto yako ni jaribio. Utajiokoa na kupima kitu ambacho washiriki hawakijui.

Ukitaka mahojiano kwa sababu unaogopa hesabu, simama kwanza. Hofu hiyo inatibika kwa kozi moja nzuri, ila kurasa 400 hazisomeki na mtu asiyependa kusoma. Vivyo hivyo anayekimbilia data kwa kuwa anaogopa watu. Madodoso nayo yalijazwa na watu.

Kama mada yako ni jeraha lako mwenyewe, kwa mfano umefiwa na unatafiti waliofiwa, hakuna anayekukataza. Wengi wamefanya kazi nzuri hivyo. Ila kwa mwaka wa kwanza ningekushauri ufuatiliaji, au mahojiano yenye msimamizi anayekutana nawe kila wiki na kukuuliza unalala vipi.

Na ukibaki katikati, omba siku moja kwa mtafiti wa kila njia. Piga simu kumi za kuwakumbusha washiriki. Linganisha maswali ya awamu mbili za ufuatiliaji mmoja, uone yaliyobadilishwa. Nukuu dakika kumi za mahojiano, kimya na vigugumizi vikiwemo. Siku tatu zinatosha kukuonyesha ni kazi ipi uliyoinuka mezani ukiwa umesahau kula, na ipi uliyokuwa ukitazama saa.